Kusaka santuri za jazi Japani: Tokyo, Yokohama na Osaka, Novemba 2024

Wengi mmeniuliza kwa nini mtu atoke Dar es Salaam aende Japani kutafuta muziki wa Wamarekani weusi. Jibu fupi: ndiko uliko. Santuri nyingi za jazi ambazo Marekani kwenyewe zimekuwa adimu, Japani bado ziko rafuni, zimevishwa plastiki, hazina vumbi. Jibu refu ndilo hili nililolikusanya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu.

Nilikuwa na orodha ya santuri tatu: Uhuru Afrika ya Randy Weston, Mwandishi ya Herbie Hancock, na Kawaida ya Albert Heath. Mtaona zinafanana wapi. Zote ni jazi ya Marekani, na zote zina Kiswahili ndani yake. Binamu yangu, ambaye ni fundi wa redio Kariakoo, aliniongezea agizo la sindano ya pleya. Na kwenye begi la mkononi, katikati ya maboksi mawili bapa, nilibeba santuri moja ndogo ya Morogoro Jazz iliyotengenezwa Nairobi. Kwa nini niliibeba, mtaelewa nikifika Osaka.

Kuhusu visa: ada yake haikutisha, karatasi ndizo zilizonitoa jasho. Taarifa ya benki, barua ya kazi, ratiba ya kila siku na mahali pa kulala kila usiku. Anzeni mapema, na ratiba iandikeni kwa ukweli maana wanaisoma.

Jumamosi, 2 Novemba. Narita

Dar hadi Doha hakuna cha kusimulia. Doha ndege ya kuunganisha ilichelewa saa mbili na ushee bila maelezo, na maji ya kunywa pale uwanjani yana bei ya kukufanya uvumilie kiu. Nikatua Narita usiku, mvua inanyesha.

Treni ya kawaida hadi Asakusa ni yen 1,300 na kidogo. Kipindi kile yen 1,000 ilikuwa kama shilingi 17,500, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe. Ipo treni ya haraka ya bei karibu mara mbili, lakini kwa nusu saa utakayookoa sioni sababu. Nunueni kadi ya usafiri palepale uwanjani mjaze pesa. Inafanya kazi kwenye treni, mabasi, hata dukani.

Gesti yangu ilikuwa ndani ya vichochoro, na simu ilikuwa imezimika. Nilimwonyesha bibi mmoja anwani kwenye karatasi. Akaisoma, akanitazama nilivyolowa, akaingiza kichwa changu chini ya mwavuli wake na kunifikisha mlangoni, mwendo wa dakika kumi hivi kinyume kabisa na alikokuwa akienda. Hatukuelewana neno hata moja. Alipoondoka aliinama, nami nikainama zaidi. Kitanda yen 3,800 kwa usiku, bafu la pamoja, safi mno.

Jumapili, 3 Novemba. Ochanomizu na Jimbocho

Ukitoka stesheni ya Ochanomizu unakutana na mtaa wa magitaa, maduka yamepangana pande zote mbili za mteremko. Hapohapo ndipo ilipo JazzTOKYO, tawi la maduka ya santuri ya Disk Union linalouza jazi. Nilifika linapofunguliwa nikakuta watu wamesimama mlangoni: wazee wenye mikoba ya kitambaa, kijana mmoja wa Kijerumani, na mama wa makamo aliyekuja na orodha yake ya kuandika kwa mkono.

Kila santuri ina karatasi ndogo ya alama: alama ya sahani peke yake, alama ya jalada peke yake. Chini yake muuzaji ameandika kasoro moja moja. Mathalani, upande wa pili, wimbo wa kwanza, sindano inatoa "tik" mara nane. Kweli niliisikiliza moja iliyoandikwa hivyo, nikahesabu, zikawa nane. Kwa sisi tuliozoea kununua santuri juu ya turubai, huku muuzaji anaapa kwamba mikwaruzo ile ni vumbi tu, hii ni dunia nyingine. Santuri zilizotolewa kwa soko la Japani huvishwa utepe wa karatasi ubavuni wenye jina na bei kwa Kijapani. Utepe ukiwepo bei inapanda, ukichanika inashuka. Mimi utepe haunihusu, na nawashauri wenye mfuko mdogo muwe hivyohivyo.

Mwandishi niliipata kwa yen 2,400. Ilirekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970, ikatoka 1971, na wanamuziki wa bendi wameandikwa kwa majina yao ya Kiswahili: Hancock ndiye Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester ni Pepo, na Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari, wakampa Mganga. Aliyewagawia majina ni James Mtume, mpwa wa yule Albert Heath wa Kawaida. Nilicheka peke yangu mbele ya rafu mpaka mama mwenye orodha akageuka.

Kawaida hawakuwa nayo. Uhuru Afrika walikuwa nayo, toleo la kwanza la kampuni ya Roulette, ndani ya kabati la kioo: yen 22,000. Nilijua siinunui, ila niliomba kuisikiliza. Binti wa kaunta akavaa glavu nyeupe, akaitoa, akaniwekea kwenye pleya ya kona na kunipa spika za masikioni.

Sikilizeni. Novemba 1960, New York. Tanganyika haijapata uhuru bado. Uhuru utakuja mwaka mmoja baadaye. Randy Weston amekusanya bendi kubwa, Melba Liston ndiye aliyepanga vyombo, na ngoma zinapigwa na Babatunde Olatunji, Candido na wenzao. Shairi la uhuru kaliandika mshairi wa Kimarekani Langston Hughes, na anayelisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, huyohuyo aliyekuja kujulikana baadaye katika siasa za Makete. Kwenye simu nilishaisikia mara nyingi. Kwenye santuri ile sauti ya Sanga ina kifua. Unasikia mtu amesimama ndani ya chumba, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya neno. Afrika Kusini ya makaburu waliipiga marufuku mwaka 1964, na ukiisikia namna hii huulizi sababu. Nilirudisha sindano mara mbili. Binti hakusema kitu.

Mchana niliteremka Jimbocho, mtaa wa vitabu vya zamani. Lilikuwa tamasha lao la vuli, meza za vitabu zimejaa njiani. Jimbocho pia ni mtaa wa wali na kari; sahani yen 1,200, mchuzi mzito mweusi unaoelekea kwenye utamu. Msiokula nguruwe, ulizeni kwanza, maana hata kwenye mchuzi wa kuku wanaweza kuchanganya mafuta yake.

Jumatatu, 4 Novemba. Akihabara, mtaa wa vifaa vya elektroniki

Sikukuu ya jana iliangukia Jumapili, hivyo leo wanafidia na mji mzima uko madukani. Sindano ya binamu, Nagaoka MP-110, karibu yen 15,000. Wakati ule, 2024, ukinunua kwa yen 5,000 au zaidi na pasipoti yako mkononi walikukatia kodi ya asilimia 10 hapohapo. Usiiache pasipoti gesti.

Jumanne, 5 Novemba. Waseda na Yotsuya

Asubuhi nilikwenda Chuo Kikuu cha Waseda, kwenye maktaba ya mwandishi Haruki Murakami iliyofunguliwa 2021. Kuingia ni bure. Kabla hajawa mwandishi, Murakami na mkewe walikuwa na baa ya jazi iitwayo Peter Cat, waliyoifungua 1974, na kuna chumba kilichowekwa kwa ajili ya kusikiliza tu, chenye viti na santuri. Nilikaa pale na wanafunzi watatu, kila mmoja na kitabu chake, muziki ukipita katikati yetu. Angalieni siku za kufungwa kabla ya kwenda.

Jioni, Yotsuya. Hapa inabidi nieleze kidogo. Japani wana kitu wanachokiita jazz kissa, mgahawa wa kahawa ambao kazi yake ni santuri. Miaka ya 1950 na 1960 santuri moja kutoka Marekani ilikuwa inakula sehemu kubwa ya mshahara wa mtu, na pleya nzuri hata usiitaje. Basi mwenye mgahawa alinunua santuri na spika kubwa, na mwanafunzi akalipia kikombe kimoja cha kahawa akakaa saa tatu. Mpiga ngoma wa Marekani Art Blakey alipokuja na bendi yake Januari 1961, wimbi likapanda nchi nzima. Mpiga saksafoni John Coltrane alikuja Julai 1966, akaenda kuomba kwenye kumbukumbu ya bomu la Nagasaki. Mwaka uliofuata akafariki. Migahawa hii mingi imekufa. Iliyobaki inashikiliwa na wazee, na wengi wao hawana wa kumwachia.

Eagle ya Yotsuya iko chini ya ardhi, tangu 1967. Mchana kuzungumza ni marufuku, jioni wanalegeza. Nilikuwa nimeifikiria kama sehemu ya wakali. Sivyo. Mzee kando yangu alikuwa amesinzia kabisa, mdomo wazi, na mtu wa pembeni alikuwa akisahihisha mitihani. Ila wimbo ulipokwisha na upande kugeuzwa, vichwa viliinuka kutazama jalada lililowekwa kwenye kishikio, kisha vikarudi chini. Kila upande wa santuri unapigwa mpaka mwisho. Hakuna kurukaruka.

Adabu za humo kwa ufupi: agiza kinywaji hata kama huna kiu (yen 700 hadi 1,000), usipige picha bila kuomba, usiende wengi. Baadhi bado wanavuta sigara ndani, na shati lako litanuka hadi ulifue.

Jumatano, 6 Novemba

Miguu ilikataa. Nilifua nguo, nikala onigiri, yaani matonge ya wali, za samaki, nikamwandikia binamu.

Alhamisi, 7 Novemba. Yokohama

Treni hadi Sakuragicho, kisha kwa miguu hadi mtaa wa Noge. Noge ni sehemu ya baa ndogondogo, na ndipo ilipofunguliwa Chigusa mwaka 1933, mgahawa wa jazi uliopoteza santuri zake zote kwa mabomu ya 1945 na kuanzishwa upya baada ya vita. Mimi nilikwenda Down Beat, ya mwaka 1956, ghorofani, ngazi nyembamba. Spika zao ni Altec, ndefu za kunikaribia kifuani, za aina iliyokuwa ikifungwa kwenye majumba ya sinema.

Ukikaa mbele ya spika husemi, ukikaa nyuma kwenye kaunta unaruhusiwa. Nilianza mbele nikamalizia nyuma. Mzee mmoja mteja, Kiingereza chake cha baharini kwa maana alifanya kazi melini, akaniuliza natokea wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri, akasema, "Mombasa nimefika. Dar es Salaam, meli ilisubiri nje siku nyingi." Bandari yetu ina sifa zake kila pembe ya dunia. Akauliza kama kwetu tuna jazi. Nikamwambia tuna bendi zilizojiita jazi kuanzia Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz. Ila ukitegemea kusikia bluzi utashangaa, maana ni rumba, magitaa na sauti zetu. Akataka kusikia. Nikamwekea kwenye simu, na yeye na mhudumu wakainamia kile kispika kidogo kana kwamba wanasikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa. Kisha akaandika kwenye leso ya karatasi jina la mgahawa wa Osaka na kusema nimwambie mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyenituma.

Usiku nilipanda basi la Osaka kutoka kituo cha Shinjuku, yen 6,200. Treni ya risasi ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Saa nane njiani zikawa tisa na nusu kwa sababu ya ajali mbele yetu. Dereva aliomba radhi kwa kipaza sauti kila nusu saa, na tulipofika akasimama mlangoni kumwinamia kila abiria mmoja mmoja. Nilikumbuka safari zangu za Singida, nikanyamaza.

Jumamosi, 9 Novemba. Suita, Osaka

Ijumaa nililala tu. Leo ndiyo siku niliyoijia.

Maonyesho ya Dunia ya 1970, Expo '70, yalifanyika hapa Suita kuanzia Machi 15 hadi Septemba 13. Nchi 77, wageni zaidi ya milioni 64. Na Tanzania ikamleta Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kutoka mji wa mkonge na mlima Uluguru, na gitaa lake, Japani, 1970. Mimi nilikua nikisikia hadithi hiyo nyumbani kama watu wanavyosimulia jambo la ukoo.

Monoreli inakushusha getini, na Mnara wa Jua wa msanii Taro Okamoto unakuona kabla hujauona: mita 70, mikono imepanuliwa, uso wa dhahabu juu. Kiingilio cha bustani ni yen mia chache. Kuingia ndani ya mnara ni tiketi nyingine na ni vyema ujiandikishe mapema kwenye mtandao, wengi wanarudishwa. Bustani kwa kawaida hufungwa Jumatano.

Mabanda ya nchi yamebomolewa karibu yote, yamebaki majani na miti. Limebaki banda la chuma, ambalo sasa ni makumbusho, na humo ndani mpenzi wa spika atasahau muda: mwaka 1970 lilikuwa ukumbi wa muziki wenye spika zaidi ya 1,000, sakafuni, ukutani, darini, chini ya usimamizi wa mtunzi Toru Takemitsu. Unautazama ukumbi kupitia kioo, ukiwa na mwanga wa rangi.

Nilimwendea mzee wa kujitolea aliyekuwa karibu na ramani ya eneo zima, nikasema "Tanzania" huku nikionyesha kifua changu. Akachukua muda, kidole kinatembea juu ya ramani, kikasimama. Akanionyesha. Kisha akatoa karatasi akanichorea njia ya kufika hapo kwa miguu, akaweka alama ya mti mkubwa na choo. Nilikwenda. Kuna nyasi, familia moja imetandika mkeka, watoto wanarusha mpira. Nilikaa, nikala mkate wangu wa mayai, nikasikiliza Mbaraka kwenye simu. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, hata miaka kumi haijapita tangu siku zile.

Jumapili, 10 Novemba. Osaka, mgahawa wa kwenye leso

Sitautaja jina kwa sababu mwenyewe aliniomba. Una viti tisa. Nilimpa leso, akaisoma, akacheka, akaniwekea kahawa bila kuuliza. Kisha nikatoa ile santuri ndogo.

Aliishika kwa kingo. Akaipeleka chini ya taa akaizungusha polepole, akitazama mikwaruzo, na ilikuwa nayo ya kutosha. Akaingia nyuma, akarudi na chupa na kitambaa, akaisafisha kwa kufuata mzunguko wa mifereji, upande mmoja, akaiacha ikauke, upande wa pili. Akabadilisha kichwa cha sindano, akaweka kingine kinene zaidi, akageuza uzito wa mkono wa pleya kidogo, akaupima kwa mizani ndogo, akageuza tena. Dakika kumi na tano hivi. Wateja wanne walikuwepo, hakuna aliyelalamika. Halafu akasimamisha jalada la karatasi lisilo na picha kwenye kishikio, kama alivyofanya kwa santuri ya Coltrane iliyotangulia.

Mikwaruzo ilisikika, sana. Lakini gitaa la pili, lile linalojibu nyuma ya gitaa kuu, sijawahi kulisikia vile. Nyumbani kwenye pleya yangu linakuwa ukungu tu. Hapa lilikuwa na mahali pake, hatua moja nyuma ya mwimbaji. Ilipokwisha, mwanamke mmoja akasema kitu kwa sauti ndogo na mwenye mgahawa akaigeuza upande wa pili bila kuniuliza. Halafu akarudia upande wa kwanza.

Akataka kuinunua. Nikakataa. Akaniuliza bei mara ya pili, nikakataa tena, na tukabaki marafiki. Aliniandikia orodha ya maduka ya mtaa wa Nipponbashi, na kwenye duka la tatu, Jumatatu, nikaipata Uhuru Afrika, toleo la baadaye, yen 3,600. Kawaida hadi leo naitafuta.

Kurudi, na mambo ya mzigo

Nilirudi kupitia uwanja wa ndege wa Kansai na Doha. Nilinunua santuri 31 kwa jumla, na zikiwa na majalada zilikuwa karibu kilo 9. Wauzaji walinifundisha kuitoa kila sahani ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake, ndani ya mfuko uleule wa nje. Ukiiacha ndani, mtikisiko wa safari unachana mshono wa jalada. Bebeni mkononi kadiri mnavyoruhusiwa. Kwa unyevu wa Dar, tupieni vile vifuko vya kukausha unyevu kwenye sanduku la santuri, na zisimamisheni wima, zisilale.

Forodha pale Julius Nyerere kijana alifungua begi, akatoa Mwandishi, akaigeuza, akasoma majina ya wanamuziki kwa sauti mpaka mwisho. "Huyu Mganga naye ni wa Tanga?" Nikamwambia ni wa New York. Akamwita mwenzake aje asome. Nilipita bila kulipa kitu, risiti nilikuwa nazo zote.

Binamu amefunga sindano. Anasema ni nzuri ila kebo zangu ndizo takataka. Mwenye Kawaida ya Albert Heath, hata ikiwa na mikwaruzo, aniandikie hapo chini na bei yake.